Nishani za askari wa Keya: namna ya kuzitambua, kuanzia kwenye ukingo

Nishani nyingi za vita zilizobaki Afrika Mashariki zimo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, zimeviringwa kwenye kitambaa pamoja na risiti za kodi ya kichwa na vifungo vya koti. Mwenyewe alishafariki. Wajukuu wanachojua ni kwamba "babu alikuwa Keya", na ada ya shule ikipungua, kitu kinapelekwa kwa sonara, kinapimwa uzito kama mkufu uliokatika. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuzikusanya au kuzitambua kabla hazijafika kwenye ule mzani.

Nimeuelekeza kwa King's African Rifles, yaani KAR (ndiyo hiyo "Keya" ya wajukuu), jeshi la Waingereza lililoundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland (Malawi ya leo), Uganda na British East Africa (Kenya ya leo). Nishani zake ndizo utakazokutana nazo mara nyingi kuanzia Kisumu mpaka Songea. Za Wajerumani, za Wabelgiji na za Sultani wa Zanzibar nitazipitia kwa ufupi.

Hatua ya kwanza: usisugue kitu

Ukipewa nishani iliyoingia weusi, mkono utawasha kutaka kuing'arisha. Uzuie. Dawa ya kung'arishia shaba hula metali, na kinachotangulia kulika ni maandishi madogo ya ukingoni, ambayo ndiyo hasa unayoyatafuta. Weusi wa fedha haudhuru kitu. Nimeona nishani zinazong'aa kama sufuria ya arusi huku jina la mtu limebaki kivuli, halisomeki hata kwa lenzi.

Vifaa ni vichache: lenzi ya sonara inayokuza mara 10, tochi, kipimo cha kubana cha kupimia milimita, mzani mdogo wa gramu, na sumaku. Shika nishani kwenye kingo, usiguse uso wake, maana jasho la vidole huacha alama.

Hatua ya pili: soma ukingo

Wengi huanza na sura ya mfalme. Sura ya mfalme utaipata kwenye nishani milioni kadhaa zinazofanana. Ukingo ndio unaokwambia hii ilikuwa ya nani.

Isimamishe nishani wima kati ya kidole gumba na cha shahada, uielekezee tochi kutoka upande, si kutoka mbele, kisha izungushe polepole. Mwanga wa pembeni unaangukia ndani ya herufi na kuziachia kivuli, na maandishi uliyodhani hayapo yanajitokeza. Mpangilio wa Waingereza kwa kawaida ni namba ya askari, cheo kwa kifupi, jina, kisha kikosi. Kwa mfano wa kubuni: namba, kisha PTE. HAMISI BIN JUMA, kisha 2-6 K.A.R. PTE ni askari wa kawaida, CPL ni koplo, SJT ni sajenti kwa tahajia ya zamani. Hiyo 2-6 ni batalioni ya 2 ya rejimenti ya 6. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia KAR ilipanuliwa sana, rejimenti moja ikazaa batalioni kadhaa, kwa hiyo namba mbili zikikaa pamoja usifikiri ni sehemu ya hesabu.

Namba ya rejimenti inasaidia kujua askari aliandikishwa wapi. Ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland, ya 3 ya Kenya, ya 4 ya Uganda. Ya 6 ina kisa chake: ile ya mwanzo ilikuwa ya Somaliland, halafu mwaka 1917 ikaundwa upya, na wengi walioingizwa humo walikuwa askari wa Wajerumani waliotekwa. Ndiyo maana katika familia moja ya Tabora au Songea unaweza kusikia kwamba babu alipigana pande zote mbili, na ikawa kweli.

Kuhusu majina, uwe na subira. Karani Mwingereza aliandika alivyosikia. Hamisi anaweza kuwa HAMIS, AMISI au AMIS. Jina la Kinyamwezi au la Kiyao linaweza kugeuka kiasi kwamba mwenye ukoo halitambui mpaka alisome kwa sauti. Wengine waliandikwa jina moja tu, wengine walipachikwa "bin" ambayo kwao haikuwa desturi. Usikatae nishani ya familia kwa sababu herufi mbili hazilingani. Namba ya askari ndiyo shahidi mzuri kuliko jina, basi iandike kwanza.

Sasa, ukingo mtupu. Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Nishani za kampeni za Vita vya Pili ambazo Waingereza waliwapa askari wao wenyewe na wa Afrika Mashariki zilitolewa bila jina. Afrika Kusini, India na Australia waliandika majina, Waingereza hawakuandika. Kwa hiyo Burma Star (nyota ya waliopigana Burma, Myanmar ya leo) isiyo na jina ni ya kawaida kabisa, na Burma Star yenye jina la askari wa KAR lililochongwa vizuri ni ya kutilia shaka: ama mwenyewe alilipia fundi baadaye, ama muuzaji ameipandisha bei. Kinyume chake, nishani ya fedha ya Vita vya Kwanza yenye ukingo mtupu ina uwezekano mkubwa kwamba jina limefutwa. Pima kipenyo chake: British War Medal ni milimita 36. Ikiwa pungufu, au ukingo una bonde upande mmoja, kuna mtu alipiga tupa.

Nishani za ushujaa na za utumishi mrefu ziliendelea kuandikwa majina hata Vita vya Pili. Kwa nyota ya 1914-15, jina litafute mgongoni, kwa sababu nyota haina ukingo wa kuandikia.

Hatua ya tatu: itaje nishani yenyewe

Ya zamani utakayoiona mara chache ni East and Central Africa Medal ya 1897 hadi 1899, utepe nusu njano nusu nyekundu. Ukikutana nayo, tulia, piga picha, usiseme bei.

Africa General Service Medal ilianzishwa 1902 na ikatumika mpaka miaka ya 1950, ikabeba sura za wafalme wawili na malkia mmoja. Mgongoni kuna Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, amesimama na simba, na chini neno AFRICA. Utepe ni wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani katikati. Cha kutazama ni kibamba cha fedha kinachovuka juu ya utepe, kwa sababu nishani hii haikutolewa bila kibamba. Juu yake pameandikwa vita vyenyewe: SOMALILAND 1902-04, NANDI 1905-06, JUBALAND na kadhalika. Kikiandikwa KENYA, na sura ni ya Malkia Elizabeth II, ni ya kipindi cha hali ya hatari wakati wa Mau Mau, kwa utumishi wa 1952 hadi 1956. Ukiikuta Nyeri au Murang'a, uliza kwa adabu na kwa faragha. Nyumba moja inaweza kuwa na mjomba aliyekuwa msituni na baba mdogo aliyeipokea hiyo nishani, na hawajawahi kulizungumza mezani.

Za Vita vya Kwanza kwa askari wa KAR mara nyingi ni mbili. British War Medal ni ya fedha: mbele King George V bila taji, nyuma mpanda farasi aliye uchi anakanyaga ngao ya tai wa Prussia, na miaka 1914 na 1918. Utepe una rangi ya chungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu. Victory Medal ni ya shaba nyekundu, ina malaika wa ushindi mwenye mabawa, na utepe wake ni upinde wa mvua maradufu. Nyuma imeandikwa 1914-1919, tofauti na mwenzake, na wapo wauzaji wanaosema ni kosa la kiwandani. Si kosa, zote ziko hivyo.

Mara nyingi utakuta Victory Medal peke yake. Ile ya fedha ilishayeyushwa. Bei ya fedha ilipopaa duniani kote mwishoni mwa 1979 na Januari 1980, nishani nyingi za British War Medal ziliishia kwenye tanuri, na huku kwetu masonara walikuwa wakifanya kazi hiyo hata kabla. Ukipata zote mbili, namba na jina vikilingana, usizitenganishe hata ukilipwa.

Za Vita vya Pili ni nyota za aloi ya shaba na zinki zenye ncha sita, na medali mbili za duara za shaba iliyochanganywa na nikeli, rangi ya fedha. Kwa nyota, jina la nyota yenyewe limeandikwa mbele kuzunguka katikati, hivyo kuzitaja si kazi. Kazi ni kujua kama zinaendana.

Hatua ya nne: je, seti inaingia akilini?

Tumia tarehe. Africa Star ni ya utumishi kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943. Askari wa KAR waliipata kwa kampeni ya kuwatoa Wataliano Somalia na Ethiopia, na kwa upande huo mlango ulifungwa 27 Novemba 1941. Utepe ni rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati, buluu nzito upande mmoja na buluu ya mbingu upande wa pili. Ikiwa na kibamba kidogo kilichoandikwa 8th ARMY, jiulize huyu askari alifikaje jangwa la Misri na Libya. Wapo Waafrika Mashariki waliopelekwa Mashariki ya Kati kama mapayonia, yaani askari wa kazi za mikono, lakini mtu wa batalioni ya kawaida ya KAR aliyetoka Ethiopia akarudi Kenya hakustahili kibamba hicho.

Aliyekwenda Madagascar 1942 alistahili 1939-45 Star, yenye mistari mitatu sawa ya buluu nzito, nyekundu na buluu ya mbingu. Burma Star ni kuanzia 11 Desemba 1941 hadi 2 Septemba 1945. Utepe buluu nzito, nyekundu katikati, na mistari ya chungwa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na malaria, na alama yake ya begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Defence Medal ina utepe wa chungwa wenye kingo za kijani. War Medal ina simba juu ya joka lenye vichwa viwili.

Seti ya kuaminika ya mzee wa Burma kwa kawaida ni 1939-45 Star, Burma Star, Defence Medal na War Medal, pengine na Africa Star kama alianzia Ethiopia. Seti yenye Burma Star bila 1939-45 Star huenda imepungukiwa, au imeokotezwa.

Tarehe hizo hizo hukamata hadithi. Idi Amin alipenda kusema alipigana Burma, ilhali kumbukumbu za Waingereza zinaonyesha aliingia KAR mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Kama rais alijaribu, muuzaji wa mtaani atashindwaje?

Baada ya vita, batalioni za KAR zilipelekwa Malaya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nishani yake ni General Service Medal yenye kibamba MALAYA, utepe wa zambarau na mstari wa kijani. Hii ina jina ukingoni.

Hatua ya tano: beji, na taji

Alama ya KAR ni baragumu, na kwenye beji nyingi namba ya batalioni imekaa ndani yake. Idara nyingine za jeshi la Afrika Mashariki zilikuwa na beji zao, na mabegani kulikuwa na herufi za shaba za kifupi cha kikosi.

Kama beji ina taji, itazame juu. Mapaa yakipanda kwa mviringo kama kuba, ni taji la mfalme, 1902 hadi mwanzo wa miaka ya 1950. Yakibonyea katikati kama tandiko, ni la Malkia Elizabeth, baada ya 1953. Anayekuuzia "beji ya Vita vya Pili" yenye taji lililobonyea amekosea au anakukosea. Wajihadhari pia wanaonunua vitu vipya kutoka Uingereza, kwani taji la mviringo limerudishwa na Mfalme Charles III.

Majina ya vikosi nayo ni kalenda. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, batalioni za KAR zilizokuwa huko zikaitwa Tanganyika Rifles. Tarehe 20 Januari 1964 askari wakaasi kwenye kambi ya Colito, jeshi likavunjwa, na 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Beji ya Tanganyika Rifles basi ilitumika kwa miaka miwili na kidogo tu, ndiyo maana ni adimu, na ndiyo maana inaghushiwa. (Kambi hiyo leo ni Lugalo. Colito ni mahali Ethiopia ambapo Sajenti Nigel Leakey wa batalioni ya 1/6 KAR alipata Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, kwa kitendo cha tarehe 19 Mei 1941, na hakurudi.) Uganda Rifles inachanganya zaidi: jina hilo lilitumika kabla ya 1902, likarudi baada ya uhuru wa 1962. Usikubali umri wa mdomoni.

Geuza beji. Ya zamani iliyopigwa kwa mashine ni nyembamba, na sura ya mbele inaonekana nyuma kwa kinyume, kama sahani iliyofinywa. Nyuma ina vikonyo viwili vya shaba vya kupitishia pini, au ulimi wa kuchomeka kofiani. Ya bandia imemiminwa kwenye kalibu: nene, nzito, mgongo bapa wenye vitundu kama vya maandazi, na kando ina mshono uliopigwa tupa. Pini zenye kibano cha vipepeo ni za siku hizi.

Sumaku na vitu vya Wajerumani

Nishani za Waingereza nilizotaja hazivutwi na sumaku hata moja. Ikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi, irudishe. Kwa Msalaba wa Chuma wa Wajerumani wa 1914 mambo yanageuka: kiini chake ni chuma ndani ya fremu ya fedha, hivyo wa kweli kwa kawaida hushika sumaku, na mshono wa fremu huonekana kwenye lenzi.

Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walivaa tai wa kifalme mbele ya tarbushi, na tai huyo ndiye anayeghushiwa kuliko kitu chochote cha enzi hiyo. Walikuwapo pia waliopewa Kriegerverdienstmedaille (nishani ya sifa za kivita) ya Prussia, na mwaka 1912 ilitoka Kolonial-Denkmünze (nishani ya kumbukumbu ya makoloni) yenye vibamba vya mahali na mwaka. Vyeo vyao vilikuwa ombasha, shaushi, sol na efendi, kwa hiyo bibi akisema baba yake alikuwa "shaushi", umeshajua utafute upande gani. Tabora na Kigoma hutokea vitu vya Kibelgiji, kwa kuwa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji kutoka Kongo, iliingia Tabora Septemba 1916. Vitu hivyo mara nyingi vina maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi pamoja. Nishani ya Sultani wa Zanzibar ya Nyota Ing'aayo, aliyoianzisha Sayyid Barghash 1875, ina enameli na maandishi ya Kiarabu. Ukionyeshwa mojawapo dukani kwa bei ya kanga, furahia kuitazama tu.

Hatua ya sita: kuongea na wenye mali

Nenda mchana, na mtu anayefahamika pale. Amkia, kaa, kunywa chai. Ukianza na "mna nishani?" utaambiwa hakuna, kwa sababu wanaouliza hivyo huwa ni madalali. Anza na mtu: "Shikamoo bibi, nimesikia marehemu babu alikwenda Burma." Kisha uliza picha, kitabu cha mshahara, cheti cha kuachishwa jeshi, barua. Cheti kilicholiwa na mchwa kina thamani kuliko nyota tatu, maana nyota za Vita vya Pili hazina jina na karatasi ndiyo inayozifunga na mtu. Wakitaka kuuza karatasi peke yake na nishani peke yake, washauri wasifanye hivyo. Wakiamua kutouza kabisa, waombe ruhusa ya kupiga picha pande zote pamoja na ukingo, na wao wapelekee nakala.

Kuhusu vitu vya majeshi ya leo, mimi sivigusi. JWTZ imekuwa ikiwaonya raia mara kwa mara wasimiliki sare na alama zake, na kisingizio cha ukusanyaji hakitakufikisha mbali kituoni. Nishani ya vita vya Kagera ya mzee aliye hai iachwe kifuani pake.

Hatua ya saba: kutunza

Adui wa Pwani ni unyevu, wa bara ni vumbi na nondo. Usiweke kwenye mifuko ya plastiki laini ya PVC, hutoa utomvu wa kijani unaoshika shaba. Mpira na sufi huiletea fedha weusi. Tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi au visanduku vya mbao vilivyokaa muda, na vipakiti vya kufyonza unyevu vile vinavyokuja na viatu. Utepe wa asili usiutupe hata ukichakaa. Ukitaka kuvalisha mpya kwa maonyesho, wa zamani uuweke kwenye bahasha yake na namba ileile.

Kila kitu kiwe na kadi: namba na jina kama vilivyoandikwa ukingoni, herufi kwa herufi bila kusahihisha, kisha jina kama familia inavyolitamka, kijiji, aliyekupa na tarehe, uzito, kipenyo. Ukiwa na namba na kikosi unaweza kuuliza kwenye Nyaraka za Taifa za Kenya pale Moi Avenue, Nairobi, au kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza huko Kew, London, ambako rejista za nishani za kampeni zimehifadhiwa. Andika kwa tahajia zote unazoweza kuzifikiria. Yule karani alikuwa na zake.